Pantoni ina nafasi kibao, mbona lori limeachwa? Hesabu za gari kuvuka na feri

Kuna siku nipo Magogoni, Dar es Salaam, kwenye foleni ya kuvuka Kigamboni, mbele yangu kuna lori la tairi kumi limejaa kokoto mpaka juu. Pantoni ikafika, ikashusha, ikaanza kupakia, gari ndogo zinaitwa moja moja zinaingia, dereva wa lori anaambiwa subiri. Jamaa akashuka kawaka kweli. "Nafasi si ile pale, hata malori mawili yanaenea, mnanionea kwa nini?" Na ukiangalia kwa macho alikuwa na haki ya kulalamika maana katikati palibaki peupe kabisa, ungeweza kucheza chandimu. Watu kwenye foleni wakaanza zile stori zetu za kila siku, mara wanataka hela, mara wana watu wao.

Mi nikabaki nawaza, hivi sisi tunaovuka kila siku tunajua kweli tunalipia nini pale? Wengi tunadhani tunalipia safari, kama daladala vile, toka hapa mpaka pale. Kumbe gari likipanda pantoni linanunua vitu viwili tofauti, linanunua sakafu na linanunua uzito, na ukishaelewa hivyo vitu viwili basi karibu kila sheria inayokukera pale getini inakaa sawa. Sio zote lakini nyingi.

Tuanze na uzito maana ndo uliomkwamisha jamaa wa kokoto.

Chukua MV Kazi, ile inayovusha Magogoni Kigamboni. Uwezo wake uliotangazwa ni tani 170, abiria 800 na magari 22. Watu wengi tukisoma hapo tunashika hiyo 800 na 22, ile tani 170 tunairuka kama vile ni pambo. Sasa piga hesabu ya mezani. Watu 800, kila mtu umpe kilo 70 na kikapu chake, hizo tani 56. Gari ndogo 22, kila moja umpe tani moja na nusu, hizo 33. Jumla 89. Umejaza watu, umejaza gari, hakuna pa kukanyaga, na bado una tani 80 na ushee hujazitumia.

Geuza sasa. Leta semi trela tatu zimejaa mzigo. Kwa sheria ya mizani ya Afrika Mashariki gari kubwa kabisa lenye trela linaruhusiwa hadi tani 56 pamoja na mzigo wake, kwaiyo ukizipa zote tatu kiwango hicho cha juu ni tani 168. Basi, imeisha hiyo. Pantoni imejaa na hakuna hata mtu wa miguu mmoja aliyepanda! Na ukitazama sitaha, yaani ile sakafu ya pantoni, utaona zimechukua kama nafasi ya gari ndogo 11 au 12 hivi, yaani nusu nzima iko wazi, na hapo ndo mtu atasimama getini anapiga kelele mbona kuna nafasi. Nafasi ipo ndio, tani ndo hazipo.

Lori la tairi kumi lililojaa linacheza kwenye tani 25, 26. Kama ndani kumeshaingia malori mengine manne ya namna hiyo na watu wa asubuhi wamejaa, huyo wa tano kusubiri sio kuonewa. Ila nikubali pia kwamba hakuna anayemweleza, anaambiwa tu "rudi nyuma wewe", na mtu akijibiwa hivyo lazima ahisi kuna mchezo.

Alafu kuna swala la uzito umekaa wapi, hili nalo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Chombo cha majini ni kama sinia kichwani kwa mama muuza ndizi, sio tu zimejaa ngapi bali zimekaaje. Ndo maana wale vijana wa kupanga magari wanapeleka lori katikati na vigari vidogo pembeni, wewe unaona anakupangia kama mtoto lakini yeye anaweka sinia sawa. Lori zito likikaa ubavuni chombo kinalala upande mmoja, na kikishalala kila kisichofungwa kinataka kufuata huko huko, watu, mizigo, pikipiki, maji. Maji hasa. Boza la maji lililojaa pomoni ni salama kuliko lililo nusu, kwa sababu lililo nusu yale maji yanacheza, chombo kikiinama kidogo yanakimbilia huko na kuongeza kuinama. Wanaovuka na maboza ya maji wanajua hata barabarani kwenye kona gari linavyovutwa.

Ulaya walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya magari inaitwa Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, sitaha yenyewe ni ukumbi mmoja mrefu hauna kuta za kati, maji yakakimbilia upande mmoja na ikapinduka ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Kwaiyo ukumbi mtupu unaofanya magari yaingie na kutoka kirahisi ndo huo huo unaofanya maji yakiingia hakuna cha kuyazuia.

Kwetu tuna MV Nyerere. Ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati ya Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ilikuwa abiria 101 na tani 25. Waliokufa ni zaidi ya 220, rudia tena hizo namba mbili. Sasa mtu akikwambia pantoni imejaa we unamwambia "mimi mmoja tu nina haraka", hebu fikiria wangapi siku ile walikuwa ni mmoja tu mwenye haraka.

Haya tuje kwenye sakafu, ndo penye bei.

Kuna namna tatu kubwa za kumtoza mwenye gari. Ya kwanza ni kwa aina ya chombo, hii ndo ya Kigamboni. Unakuta bango, mtu wa miguu yake, baiskeli yake, mkokoteni, pikipiki, bajaji, gari dogo, pikapu, stesheni wagoni, basi dogo, basi kubwa, kisha malori yanapangwa kwa tani. Uzuri wake ni rahisi, mkata tiketi anaangalia kwa jicho tu gari limeenda kundi gani. Ubaya wake ni ubishi wa mipakani. Gari zetu za siku hizi hazijui zenyewe ni nini, kuna vigari vina mlango wa nyuma kama stesheni wagoni lakini ni vifupi kuliko saluni, mwenye gari anasema gari dogo, dirishani wanasema sio, na nyuma yako foleni inapiga honi. Ushauri wangu ni soma bango kabla hujafika dirishani, na angalia risiti imeandika kundi gani sio shilingi ngapi tu, maana ukikosea kundi leo na kesho utakosewa hivyo hivyo.

Ya pili ni kwa urefu, wanakutoza kwa mita. Likoni kule Mombasa wanatumia urefu katika madaraja yao, na feri kubwa za Ulaya na Marekani ndo lugha yao hiyo. Mantiki yake iko wazi, sitaha ni mistari, mstari una urefu fulani, ukichukua mita saba umemnyima mtu mita saba. Toyota IST haifiki hata mita 4. Alphard ile ya kwanza ni karibu mita 5. Coaster ni kama mita 7. Kwaiyo Coaster moja inakula nafasi ya karibu IST mbili hata ikiwa tupu haina abiria hata mmoja, na ndo maana dereva anayesema "mbona nimebeba hewa" hajibiwi chochote cha maana, hewa yake imekaa kwenye mita saba za watu.

Wenzetu walioko Canada upande wa British Columbia wanalijua hili vizuri, kule gari la kawaida ni hadi futi 20, yaani kama mita 6.1, ukizidi hapo unalipa kwa kila futi. Na kuna kimo pia, ukivuka futi 7 kwenda juu wewe unahesabiwa gari la kimo kirefu, kwa sababu gari la namna hiyo haliwezi kuwekwa kwenye zile sitaha zenye dari fupi, linakula nafasi ya lori. Hapo ndo watu wanapigwa, amepima gari lakini kasahau boksi alilofunga kwenye keria juu, au baiskeli alizoning'iniza nyuma. Wao wanapima mpaka ncha ya mwisho. Wewe uliyeko huko na unakodi gari kwenda likizo visiwani, pima na mizigo yako ukishafunga sio kabla.

Ya tatu ni kwa ujazo, CBM, yaani mita za ujazo, hii wengi tunaijua bila kujua kwamba tunaijua. Kama umewahi kuagiza gari Japani si unaona wanaandika M3? Ni urefu mara upana mara kimo, basi. IST inatoka kama CBM 10, Alphard kama 17, ndo maana nauli ya meli ya Alphard inakuumiza hata kama bei ya gari yenyewe mlielewana. Meli ya safari ndefu inapanga sitaha nyingi kama rafu za duka, kwaiyo kimo nacho ni mali. Pantoni haina paa, ukiwa mrefu juu angani ni shauri lako, haijali kimo, inajali sakafu na tani.

Sasa swali linalochemka zaidi, kwa nini nchi moja unalipa, nyingine bure?

Hapa majirani watatu tumetoa majibu matatu tofauti na mi nadhani ndo sehemu tamu ya mada yote. Uganda feri nyingi za serikali zinavusha bure, hata ile ya Bukakata kwenda Luku ya watu wa Kalangala gari linavuka bure. Hoja yao ni kwamba feri ni kipande cha barabara, barabara imefika majini imekatika, serikali inaiunganisha, na barabara hulipii. Kenya pale Likoni wao wamekata katikati, mtu wa miguu bure, mwenye gari analipa. Na ukienda asubuhi ukiona ule umati unaomiminika kwenda kisiwani kibaruani utaelewa, ukisema kila kichwa kitoe hela umewapandisha bei ya kwenda kazini watu wa Likoni nzima. Kwaiyo mwenye gari anambeba mwenye miguu kidogo, na kinachopungua serikali inajazia. Tanzania sisi kila mtu alipe, mtu mzima 200.

Hiyo 200 ina historia yake. Ilikuwa 100 mpaka mwisho wa 2011, Januari 2012 ikapanda na za magari zikapanda, ikawa moto. Aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati ule, John Magufuli, akawajibu wanaolalamika kwamba asiyetaka kulipa azunguke Kongowe au apige mbizi. Watu wa Kigamboni wanaikumbuka mpaka leo, wengine kwa hasira wengine wanacheka. Lakini ukiondoa ukali wa maneno, ndani yake kulikuwa na hoja ya kweli ya bei, kwamba nauli ya pantoni siku zote inapimwa na njia mbadala. Kama mbadala ni kuzunguka Mbagala na Kongowe, mafuta na foleni, basi pantoni hata ikipandisha utapanda. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 mwenye gari akapata kitu cha kulinganisha, daraja nalo la kulipia, na 2022 tozo zake zikashushwa. Hapo ndo unakaa na kalamu, umbali wa kuzunguka Kurasini, mafuta, tozo, halafu muda wa foleni Magogoni. Kwa mtu anayetoka Posta jioni jibu linabadilika kila siku kutegemea pantoni ngapi zinafanya kazi. MV Magogoni, kubwa yao yenye kubeba watu 2,000 na magari 60, ilipoenda Mombasa kukarabatiwa 2023 wote tuliona pengo lake lilivyo, kalamu yote ikahamia darajani.

Scotland kule wana kitu nilikipenda, toka 2008 walianza kujaribu nauli ya feri inayopangwa kwa kulinganisha na gharama ya kuendesha gari umbali ule ule kama kungekuwa na lami. Yaani wanajifanya maji ni barabara kisha wanapiga hesabu ya mafuta. Ni katikati ya Uganda na sisi. Watu wa visiwani wakafurahi, magari yakaongezeka, kisha foleni nazo zikaongezeka, si unajua tena.

Kidogo kuhusu Zanzibar maana naulizwa sana. Zile boti za mwendo kasi hazibebi gari, usije na gari lako pale ukasubiri mlango ufunguke. Gari linakwenda na meli ya mizigo yenye mlango wa kuingilia, Azam Sealink ni mojawapo, na hapo nauli ya meli ni mwanzo tu, kuna malipo ya bandari pande zote mbili na kuna watu wa mapato, TRA huku na ZRA kule. Gari la Bara lina T, la Zanzibar lina Z, na hizo herufi ni kodi mbili tofauti. Ukivusha gari lako kwenda kutembea hakikisha karatasi za kuingia kwa muda unazishughulikia kabla hujapakia, sio umeshafika bandarini Malindi, Unguja, ndo unaanza kupiga simu kwa shemeji.

Turudi sitahani, zile amri ndogo ndogo.

Zima injini. Hiyo ni moshi na ni moto, na pia gari lililozimwa haliwezi kuruka mbele mtu akikanyaga vibaya. Weka handibreki, na gari la gia weka kwenye gia kabisa, na wewe wa otomatiki ile P peke yake usiitegemee, vuta na handibreki. Likoni tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kwenye MV Harambee katikati ya mkondo, likateleza kwenye lango likazama na mama na binti yake. Kina pale ni zaidi ya mita 50, gari lilikuja kuopolewa tarehe 11 Oktoba. Toka siku ile mi mkanda nafungua nikishapanda, na kioo nashusha hata kama AC ilikuwa inaunguruma vizuri. Barabarani mkanda unakuokoa, majini unakufunga.

Na abiria kushuka kwenye gari. Ukipanda basi la Dar kwenda Mombasa utaliona hili, mmepita Tanga, mmepita Horohoro na Lunga Lunga, mmechoka, mnafika Likoni konda anasema haya shukeni wote mtembee. Watu wananuna. Lakini fikiria basi lililojaa limetumbukia, mlango mmoja, nani anatoka? Ukiwa umesimama sitahani na boya liko karibu una nafasi ya kupambana. Kwenye meli za safari ndefu ni zaidi, sitaha ya magari inafungwa kabisa na hurudi kwenye gari lako mpaka mfike, kwaiyo dawa na chaja na pampasi za mtoto toka navyo.

Mafuta na gesi ni sheria yake peke yake. Lori la petroli kanuni yake ni kuvuka bila msongamano wa watu, na mtungi wa gesi au dumu la petroli kwenye buti unatakiwa kusema, sio kufunika na kanga. Siku hizi hata gari la umeme limeingia kwenye mjadala huo, Januari 2023 kampuni moja ya Norway, Havila, ilitangaza haitapakia tena magari ya umeme kwenye meli zake za pwani kwa kuogopa moto wa betri, wakati feri nyingine za nchi hiyo hiyo zinayapa punguzo la nusu nauli. Norway hao hao!

Na ya mwisho ni ya wenye gari za chini, zile mlizozishusha spring. Lango la pantoni linalala kwenye mteremko wa zege na mteremko huo unabadilika na maji. Maji yakiwa yamekupwa sana, hasa siku za bamvua, pembe inakuwa kali na bampa lako linakwangua. Ingia taratibu, mshazari kidogo ukiruhusiwa, na shusha watu kwanza gari linyanyuke.

Yule jamaa wa kokoto alivuka safari ya tatu, wakamweka katikati kabisa, akaweka na jiwe nyuma ya tairi bila kuambiwa. Tulipofika Kigamboni lori likatangulia kutoka, likapanda zege likinguruma, na lilipoachia tu pantoni nzima ikanyanyuka kama mtu aliyetua gunia. Lango likapata pembe mpya. IST iliyokuwa nyuma yake, imeshushwa vizuri, rimu zinang'aa, ikaacha bampa lake la mbele pale pale.

Dereva wa IST akashuka anaanza, "nani kapanga haya magari?"